Pagale la Kigamboni: kutoka bati hadi baraza

Juni, mwanzoni. Hali ya jengo

Masika yamekwisha na ardhi imeanza kushika. Pagale ni la vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na choo kimoja, mita 10 kwa 9, tofali za inchi 6, paa la mgongo wa tembo na bati za migongo mipana. Mlango mkuu unatazama mashariki, upande wa barabara. Jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa, lipu ya ndani imepigwa vyumba viwili tu, na madirisha yana grili bila vioo. Watakaokaa ni sita: baba, mama, watoto watatu, na bibi mzaa baba ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi ovyo.

Fedha zilizopo hazimalizi kila kitu. Wengi wakifikia hatua hii hukimbilia marumaru za sebuleni na dari ya jipsamu yenye taa za kufichwa, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni anavyoviona akiingia. Tumekaa na wenye nyumba tukapanga vingine: kwanza usingizi, maana yake hewa na joto, pili maji na choo, tatu mahali pa kupikia, nne mahali pa kukaa nje jioni. Mapambo yatafuata. Watu huizoea nyumba kwa miili yao kabla ya macho. Ukilala unatokwa jasho, ukapika unafuta machozi, ukakosa pa kuketi na jirani, marumaru hazitakuliwaza.

Juni. Paa na hewa

Hakuna kinachoguswa ndani kabla paa halijapimwa. Njia ni rahisi. Saa sita mchana ziba madirisha na milango kwa turubai, simama ndani dakika chache mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila tundu la msumari linajitokeza lenyewe. Weka alama ya chaki kwenye mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, iliyo karibu. Baada ya hapo mmoja apande na mpira wa maji, mwingine abaki chini. Anza kumwagia kwenye ukingo wa chini wa bati, robo saa kila sehemu, ndipo upande taratibu kuelekea mgongoni. Ukianzia juu, maji yatashuka paa zima na hutajua yameingilia wapi.

Matatizo yaliyoonekana ni yale ya kawaida. Misumari kadhaa ilipigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo, na bondeni ndiko maji yanakopita. Sehemu mbili bati zimelaliana chini ya sentimita 15, hivyo mvua ya upepo inasukumwa kwa ndani. Misumari ya bondeni imeng'olewa, matundu yakazibwa kwa kiraka cha bati na silikoni, na mipya imepigwa mgongoni ikiwa na mpira wake. Kigamboni hewa ina chumvi, kwa hiyo msumari wowote usiopakwa zinki utaanza kutoa michirizi ya kutu mapema. Bawaba za milango na makomeo vinafuata kanuni hiyohiyo.

Sasa joto. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, na adui mkubwa wa chumba cha kulala ni paa, si ukuta. Hewa iliyonaswa kati ya bati na dari isipopata pa kutokea itapikika mchana kutwa, kisha itashusha joto chini usiku. Kipimo tunachofuata ni eneo la matundu lisilopungua sehemu moja kwa 150 ya eneo la dari. Kwa nyumba ya mita za mraba 90 ni mita za mraba 0.6 zilizo wazi kabisa. Tumeacha ufa wa sentimita 3 chini ya paa pande zote mbili ndefu, na kwenye kila pembetatu ya ukuta juu tumefungua dirisha la sentimita 60 kwa 30. Jumla inakaribia 0.96, lakini wavu unakula kama theluthi, hivyo inabaki inayotosha. Wavu ni lazima. Popo wakishaingia darini, harufu ya kinyesi chao haiondoki kwa kufagia. Matundu ya chini huingiza hewa, ya juu huitoa. Ukiweka ya aina moja tu hewa haitembei.

Ndani ya vyumba tumefanya jambo dogo lenye faida kubwa. Juu ya linta, boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango, kuna kozi tatu za tofali kabla ya kenchi. Katika kila ukuta unaogawa chumba na ukumbi, tofali mbili za kozi ya kati zimetolewa na mahali pake kuwekwa tofali za matundu. Chagua tofali ambazo hazikaliwi na mguu wa kenchi, na utoe moja kwanza, ujaze, ndipo utoe ya pili. Kazi hii inafaa kufanywa kabla ya lipu. Kusi, unaovuma kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka, huingia kwa dirisha la chumba. Bila tundu la kutokea ng'ambo ya pili, dirisha moja peke yake halileti upepo hata likiwa pana.

Madirisha yenyewe ni ya sentimita 150 kwa 120. Ya alumini ya kusukuma yanapendeza ila hufunguka nusu tu ya ukubwa wake. Vyumbani tumechagua vioo vya kupandisha, vile vya vipande vyembamba vilivyopangwa, ambavyo huacha karibu dirisha lote wazi, na mvua ya rasharasha ikija unavilaza kidogo bila kuvifunga. Ubaya wake ni usalama na vumbi: grili ibaki, na vioo vifutwe kimoja kimoja. Sebuleni wenyewe wameomba alumini, na ni sawa, kwa sababu sebuleni hakuna anayelala.

Neno moja kuhusu paa la kuficha, lile lililofichwa nyuma ya ukuta, ambalo sasa kila kijana anayejenga analitaka. Halina ukingo wa kutoka nje, kwa hiyo kuta zinapigwa na jua na mvua moja kwa moja, na mfereji wake wa ndani ukizibwa na jani moja, maji yanaingia ndani. Kwa pwani ya mvua mbili na jua la utosini, ukingo wa sentimita 75 hadi 90 ni kitu cha kung'ang'ania.

Julai. Unyevu, kisha lipu

Ukuta wa jikoni ulikuwa na ukanda wa weupe kama unga hadi usawa wa goti. Hiyo ni chumvi iliyopandishwa na maji ya ardhini. Chanzo: udongo wa nje ulijazwa hadi kuzidi usawa wa jamvi, na hakuna karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya msingi. Kupaka rangi ya kuzuia maji kwa ndani hakusaidii. Maji yatapanda tu mpaka yapate pa kutokea, na rangi itabanduka juu zaidi.

Tiba inaanzia nje. Udongo umeshushwa mpaka sentimita 20 chini ya jamvi kuzunguka nyumba nzima, kisha umezungushiwa zege la upana wa sentimita 90, lenye mteremko wa sentimita 3 kwa mita kuelekea mbali na ukuta. Ndani, lipu ya zamani imebanduliwa hadi mita moja kutoka chini na ukuta ukaachwa ukauke kwa majuma kadhaa. Chumvi inapigwa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ukutani.

Wakati ukuta huo unakauka, vyumba vingine vimechorwa. Hii ni kazi ya nusu siku inayookoa fedha nyingi. Vitanda, makabati, meza na makochi vyote vimechorwa kwa chaki juu ya jamvi, kwa vipimo vyake halisi, pamoja na milango ikiwa wazi. Hapo ndipo ikaonekana kuwa swichi ya chumba cha watoto ingefichwa na kabati, na kwamba soketi ya bibi ingekuwa nyuma ya kichwa cha kitanda mahali asipofika. Kila swichi imehamishiwa upande wa komeo la mlango, mita 1.2 kutoka sakafuni, na soketi za bibi zimepandishwa hadi sentimita 70 ili asiiname. Waya ni milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Mifereji yote ya paipu za umeme na mabomba inakatwa sasa. Kukata ukuta uliokwisha kupigwa lipu huacha makovu ambayo rangi haiyafichi.

Lipu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa ndani tumechanganya moja kwa tano, yaani mfuko mmoja kwa ndoo tisa za mchanga za lita 20. Kwa nje moja kwa nne, ndoo saba. Kwa unene wa milimita 15, mfuko mmoja wa mchanganyiko wa ndani unafunika takriban mita za mraba 9 hadi 10 ukihesabu na unaoanguka. Ukisikia fundi anakuahidi 15, ama lipu ni nyembamba au saruji ni kidogo.

Mchanga upimwe kila lori. Jaza chupa nyeupe nusu kwa mchanga, ongeza maji hadi robo tatu, tikisa, iache ikae mpaka kesho yake. Tope litakaa juu kama ukanda. Likizidi sehemu 8 kwa 100 ya mchanga, lipu itapasuka nyufa za nywele. Mchanga wa ufukweni usiingie kabisa: chumvi yake huvuta unyevu wa hewa na ukuta haukauki, na nondo za linta hupata kutu.

Ukuta ulowe jioni kabla ya kupigwa lipu, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika. Baada ya hapo mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Lipu isiyomwagiliwa unaitambua kwa kuigonga: inalia tupu. Rangi isiguse ukuta kabla ya wiki nne.

Agosti. Maji na choo

Maji ya bomba hayaji saa zote, hivyo tenki si anasa. Watu sita kwa lita 50 kila mmoja ni lita 300 kwa siku, na tenki la lita 2,000 linawapa kama siku sita. Likijaa lina uzito wa tani mbili, kwa hiyo limejengewa mnara wake wenye msingi wake, mita 3 juu, wala halikutundikwa juu ya ukuta wa choo kama inavyofanyika mitaa mingi. Kimo hicho kinatoa presha ndogo, na bomba la mvua la bafuni liko mita 2 juu, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo zaidi. Dawa ni upana: bomba kuu la milimita 25 kutoka tenkini, la milimita 20 kwenye matawi tu, na kona chache iwezekanavyo.

Mabomba ya kuunganishwa kwa moto yanahitaji mkono mtulivu. Kwa nyuzi 260, la milimita 20 linapashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Ukilizidisha, plastiki inaviringika kwa ndani na kuziba nusu ya njia, na hutajua mpaka siku ya kuoga. Kabla ya kufukia, jaza maji, funga koki zote, liache usiku kucha. Sehemu zinazopigwa na jua zimefunikwa, kwa sababu jua hulifanya bomba kuwa jepesi kuvunjika.

Bomba la maji machafu ni la inchi 4, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Watu hudhani mteremko mkali ni bora. La, maji yakikimbia sana yanaacha kinyesi nyuma na bomba linaziba. Kila kona ina chemba yenye mfuniko. Harufu ya choo ndani ya nyumba karibu kila mara inatokana na mtego wa maji, ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji, uliokauka au bomba la hewa lililokatwa fupi. Mtego uwe na maji ya kina cha sentimita 5, na bomba la hewa lipite juu ya bati.

Choo ndicho chumba pekee kilichowekewa marumaru sasa, za uso wa mkwaruzo. Kabla ya marumaru, sakafu imepakwa dawa ya kuzuia maji, ikapandishwa ukutani sentimita 30, tundu likazibwa na maji ya kina cha sentimita 5 yakaachwa saa 24. Kizingiti cha mlangoni kimeondolewa kwa ajili ya bibi. Badala yake sakafu ya choo iko sentimita 2 chini ya ukumbi na inateremka sentimita 2 kwa mita kuelekea tunduni. Pembeni mwa choo kuna bomba la kushikia la zinki, sentimita 80 kutoka sakafuni, limefungwa kwenye tofali kabla ya marumaru kuwekwa, wala halikubandikwa juu ya marumaru.

Septemba. Majiko mawili

Nyumba ya huku ina majiko mawili, hata pale ramani inapoonyesha moja. Gesi ni ya chai ya asubuhi na mboga ya haraka. Maharage, makande na wali wa kupalia vinataka mkaa, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kwa hewa yake isiyo na harufu. Mwenye nyumba akijengewa jiko la ndani peke yake, siku ya mvua atawasha mkaa humo ndani. Kwa hiyo jiko la nje si ziada.

Mahali pake pamepangwa kwa upepo. Kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi. Jiko likiwa magharibi mwa nyumba, moshi unaondoka misimu yote miwili. Limejengwa mita 2.5 kutoka mlango wa uani: kuta tatu za kimo cha sentimita 90, nguzo nne, bati lililoinuliwa mita 2.4, upande unaotazama nyumba uko wazi ili mpishi aone sebuleni na watoto uani. Meza ya zege ya mafiga na majiko ya mkaa ina kimo cha sentimita 50 tu. Sufuria ya ugali husongwa kwa nguvu ya bega. Ikiwekwa juu ya meza ya sentimita 90 mkono unachoka kabla unga haujaiva.

Pembeni ya jiko kuna kipande cha sakafu cha mita 1.5 kwa 1.5, zege la unene wa sentimita 10, lisilo na marumaru wala niru, yaani saruji ya kung'arisha. Hapo ni pa kinu, mbuzi ya kukunia nazi na beseni la vyombo. Kinu kikitwangiwa juu ya marumaru, marumaru hupasuka hata kama hayakuguswa na mchi, kwa mtikisiko tu. Sakafu inateremka kuelekea mfereji unaomwagilia migomba miwili. Mama mwenye nyumba alipopaona alisema, "Fundi, hapa ndipo nitakapokuwepo muda wote," akaomba ndoano za kutundikia ungo, kung'uto na kibao cha chapati. Zimewekwa tano, mita 1.6 kutoka chini.

Jiko la ndani lina meza ya kimo cha sentimita 88 na sinki chini ya dirisha. Mtungi wa gesi uko nje ndani ya kizimba chenye kufuli. Tundu la sentimita 15 kwa 15 limeachwa ukutani karibu kabisa na sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, na dirisha la juu haliitoi.

Oktoba. Baraza

Kazi hii tuliitengea muda wa kutosha, na tunaisisitiza kwa yeyote anayejenga. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, mabaraza ya mawe yamejengwa ukutani kando ya njia, na mgeni anapokewa hapo, anapata kahawa na mazungumzo bila watu wa ndani kusumbuliwa. Kazi hiyo nyumba ya tofali ya leo bado inaihitaji. Viti vya plastiki havitoshi: vinaingizwa ndani usiku, na asubuhi hakuna anayevitoa.

Upande wa mashariki ndio mahali pake. Kuanzia alasiri kivuli cha nyumba yenyewe kinaanguka hapo, na kusi anafika bila kuzuiwa. Kibaraza chote kina kina cha mita 1.8 na urefu wa mita 4, kimeezekwa kwa mwendelezo wa paa la nyumba.

Baraza lenyewe lina urefu wa mita 3, kimo cha sentimita 42, kina cha sentimita 60. Kimo kikizidi 45, miguu ya bibi inaning'inia na mishipa ya nyuma ya goti inabanwa. Kikipungua 38 hawezi kunyanyuka peke yake. Kina cha 60 kinamtosha mtu kukunja miguu, kulaza mtoto, au kuchambua mchele akiwa na ungo mapajani.

Ujenzi: kuta mbili za tofali zilizolala, katikati kifusi. Hapo ndipo mabaraza mengi yanapoharibika, kwa sababu kifusi humwagwa chote kwa mara moja, kinashuka baada ya mvua ya kwanza, na zege la juu linabaki limening'inia na kupasuka. Kishindiliwe tabaka kwa tabaka za sentimita 15, kikiwa na unyevu kidogo. Juu ni zege la sentimita 7.5, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Kwa mita 3 kwa 0.6 ni mita za ujazo 0.135, na mfuko mmoja wa saruji unatosha zege na niru yake. Tofali za kozi ya chini kabisa zimerudishwa ndani sentimita 5, ili visigino vipate pa kuingia mtu anapotaka kusimama. Ukingo wa mbele umeviringwa kwa kipande cha bomba la inchi 2 lililopasuliwa, kwa sababu ukingo mkali unakata mapaja na huvunjika upesi. Uso unateremka sentimita moja kwenda mbele ili maji ya kuosha yasitulie mgongoni.

Niru hupigwa siku ileile, zege likiwa limeshika kiasi cha kubeba kidole bila kuzama. Saruji tupu, iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga, inanyunyizwa na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Ukichelewa hadi kesho yake, niru hukaa kama ganda na kubanduka. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima.

Kilichobaki ni egemeo. Ukuta nyuma ya baraza umepakwa rangi ya mafuta hadi sentimita 90 juu ya uso wa kukalia, kwa kuwa vichwa na migongo huchafua rangi ya maji ndani ya mwezi. Taa imewekwa pembeni ya mlango, mita 2 mbali na wakaaji, yenye mwanga wa njano. Mwanga mweupe juu ya kichwa huleta kumbikumbi kwenye kahawa.

Oktoba, mwishoni. Dari na ndani

Dari ya bodi za milimita 9 vyumbani tu, sebule inasubiri. Mbao za blandaringi, zinazoshikilia bodi, ni za inchi 2 kwa 2, zimepakwa dawa ya mchwa, kila sentimita 60. Kabla ya kufunga bodi, rudi kwenye michoro ya chaki: juu ya kila kona ya kitanda ongeza kipande cha mbao, kisha kaza ndoano ya chandarua humo. Ndoano iliyokazwa kwenye bodi peke yake itang'oka mara mtoto atakapovuta chandarua, nayo itatoka na kipande cha dari.

Taa za vyumbani ni za wati 7 hadi 9, nuru ya njano ya kelvini 3,000. Jikoni 4,000 ili mpishi aone mchele na mawe yake. Zile nyeupe sana za 6,500 huuzwa kila duka, na chumba cha kulala kinachowashwa kwa taa hizo kinafanana na wodi.

Sakafu ni ya niru nyumba nzima isipokuwa chooni. Kabla ya mikeka kutandikwa, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache saa 24. Yakionekana matone chini yake, sakafu bado inatoa unyevu na mkeka wa ukindu utaota ukungu. Chumba cha watoto kimepita. Jikoni bado, kwa hiyo hakuna kinachotandikwa huko. Nyumba tupu hupiga mwangwi, na mwangwi huo ndio unaowafanya watu waseme haijakaliwa. Mapazia mazito kiasi, yanayofika sentimita moja juu ya sakafu, mkeka mkubwa sebuleni na kabati la vitabu vya watoto vimeumaliza karibu wote.

Novemba. Familia imehamia

Mvua za vuli zimeshaanza kunyesha na paa limeshika. Ukuta wa magharibi ndio unaosumbua: tofali hunywa jua la alasiri na kurudisha joto saa mbili, saa tatu usiku, wakati watoto wanaingia kitandani. Umepakwa rangi nyeupe kwa nje, na nyaya tatu zimefungwa sentimita 30 mbele yake kwa ajili ya mpasheni. Mti wa kivuli ni mkungu, umepandwa mita 6 kutoka ukutani na mbali zaidi kutoka shimo la choo, maana mizizi hufuata maji na kupasua chemba. Mwarobaini ungefaa pia kwa umbali huohuo. Chini ya dirisha la bibi pamepandwa asumini. Asumini inataka jua la nusu siku na kukatwa vichwa mara kwa mara, la sivyo itarefuka bila maua.

Bibi ameomba baraza lipate kishikio upande wa kulia. Kitawekwa bomba la zinki lilelile la chooni.

Kazi zilizobaki, kwa mpangilio wa umuhimu: mifereji ya paa, lipu ya nje upande wa kaskazini, dari ya sebule, na mwisho marumaru za sebuleni kama bado zitatakiwa. Mifereji imetangulia kwa hesabu hii: mita za mraba 90 za paa zikipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 900, na hata zikipotea moja ya tano, inabaki zaidi ya lita 700 za kufulia na kumwagilia. Mteremko wake utakuwa milimita 5 kwa mita, vishikio kila sentimita 75, na kipande cha bomba chenye mfuniko chini ya bomba la kwanza la kushushia maji ili maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingie tenkini. Vifaa vinanunuliwa Desemba, kazi inafanyika Februari, kabla ya masika.